Kifua cha Ukoo

Ikiwa unasoma maneno haya ukiwa umeketi kwenye benchi la hospitali, na bahasha ya picha ya kifua imelala mapajani mwako, nakuomba usitafute humu jina la ugonjwa wako. Mimi si tabibu. Nilikuwa askari wa zimamoto, kisha mkufunzi wa askari hao, katika mji wa Dodoma. Ninachoweza kukueleza ni namna hofu inavyoingia ndani ya nyumba, mahali inapochagua kukaa, na mambo machache yanayoifanya isogee kidogo ili mtu apate nafasi ya kupumua. Naandika sasa kwa sababu naweza kupanda mwinuko wa kwetu Ipagala bila kusimama njiani na kujifanya nafunga kamba za viatu. Hofu yenyewe haijaondoka. Imehama tu, kutoka kwangu kwenda kwa binti yangu wa kwanza, na nitaeleza kwa utaratibu jinsi ilivyohama.

Mwanzo wake ulikuwa kiangazi, wakati ambapo upepo wa uwanda huu hauna huruma na kila kitu kimekauka kiasi cha kusubiri cheche tu. Tuliitwa kwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti, upande wa Kongwa. Miali tuliidhibiti mapema. Kilichotusumbua ni rundo la mashudu, yale makapi yanayobaki mbegu zikishakamuliwa, lililokuwa likiungua kwa ndani bila kuonyesha moto. Ilitubidi kulifukua kwa koleo, tabaka baada ya tabaka, na kumwagia maji kila tulipofika kwenye wekundu.

Kikosini kwetu kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeiandika popote na kila mtu aliifuata. Mtungi wa hewa na barakoa yake vilihesabiwa kuwa vitu vya miali. Miali ikilala, barakoa inavuliwa, kwa kuwa hewa ya mtungi hutunzwa kwa ajili ya mtu atakayenaswa ndani, na kwa kuwa jua la mchana chini ya mpira ule ni adhabu. Aliyebaki amevaa wakati wenzake wanafukua majivu hakuachwa salama.

“Vua shela, bibi harusi! Harusi imekwisha!” Koplo Mashaka alimpigia kelele askari mmoja mgeni siku ile. Mashaka ni mtu wa Tanga, rafiki yangu wa miaka mingi, na hajawahi kuona ukimya asitake kuujaza.

Yule mgeni alicheka, akavua. Sisi wengine tulikuwa tumekwisha vua zamani. Moshi wa mashudu si mweusi. Ni wa kijivujivu, laini, una harufu ya mafuta yaliyokaangiwa kitu fulani kitamu, na hakuna kati yetu aliyeuona kuwa ni adui.

Kikohozi kilinijia kabla ya mvua. Kilikuwa kikavu, kifupi, cha aina ambayo mtu anaweza kuificha kanisani kwa kuimba kwa sauti zaidi. Baadaye mkanda wa suruali ukahitaji tundu jipya. Baadaye tena nikaanza kuamka shuka likiwa limelowa jasho. Mke wangu Agnesi, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na ana jicho la kugundua mtoto mgonjwa kabla mtoto mwenyewe hajajua, alinitazama nikishindwa kumaliza sentensi mezani, akasema, “Kesho tunaenda. Usiniambie habari za zamu.”

Sijui kama kuna anayeweza kueleza chumba cha kusubiri kwa mtu ambaye hajawahi kukaa humo. Watu hukaa kwa kufuata mwendo wa foleni, wakisogea kitako kimoja kila jina linapoitwa, hivi kwamba unarithi joto la aliyekutangulia na kumwachia lako anayekufuata. Nilijifunza kuwatambua wenzangu kwa vikohozi vyao kabla ya sura. Vipimo vya makohozi havikuonyesha vijidudu, lakini picha ya kifua ilionyesha tezi zilizovimba na madoa, na kwa mtu aliyekonda, mwenye jasho la usiku, katika nchi yetu, picha kama ile huwa na tafsiri moja. Nikaanzishiwa dawa za kifua kikuu. Siwalaumu waliofikiri hivyo. Hata mimi ningefikiri hivyo.

Siku ile ile Agnesi alinunua kikombe cha bati cha buluu, na sahani yake. Aliviweka tu kwenye rafu ya peke yake, upande wa mlango. Naye hakufanya kwa ubaya. Tulikuwa na mtoto mdogo ndani, na alikuwa akiogopa. Binti yetu wa kwanza, Sechelela, aliyekuwa amerudi nyumbani baada ya kumaliza chuo, alirudi kutoka kisimani jioni hiyo akiwa na kiu, akachukua kikombe kilichokuwa karibu na kunywa.

“Seche! Weka hicho chini!” mama yake aliruka. “Hicho ni cha baba yako!”

“Kwani baba ana nini, mama, pembe?”

“Una dharau sana siku hizi.”

“Sina dharau. Nina kiu.”

Nilicheka mpaka kikohozi kikanikunja. Lakini nilipoinua kichwa niliona sura zao wote wawili zimefanana kwa namna ambayo haikuwahi kunitisha kabla ya hapo.

Mvua zikaja. Uwanda ukageuka kijani kwa ile haraka yake ya kila mwaka, kana kwamba majani yalikuwa yamejificha nyuma ya mlango. Kliniki, wenzangu walianza kunenepa. Mzee mmoja mfugaji kutoka Chamwino, ambaye tulianza naye dawa akiwa amebebwa na wanawe, sasa alikuja kwa miguu na fimbo yake, akanitazama kutoka juu hadi chini.

“Afande,” aliniuliza, “wewe hizo dawa unazimeza, au unazitazama tu?”

“Nazimeza, mzee wangu.”

“Basi zimekukataa.”

Alisema kwa upole, kama mtu anayetoa taarifa ya ng’ombe. Niliyabeba maneno yake hadi nyumbani. Mtama ulikomaa, ukavunwa, na dawa nikazimaliza zote bila kuruka hata moja. Nilikuwa mbaya kuliko nilivyoanza. Jicho la kushoto lilikuwa jekundu na halikuvumilia mwanga. Kwenye miundi ya miguu yangu palitokeza vinundu vyenye maumivu, vyekundu, vya ukubwa wa karanga. Daktari kijana wa zamu aliitazama picha mpya, akaitazama tena, akaenda kumwita mwenzake, na kupitia mlango ambao haukufungwa vizuri nilisikia neno saratani.

Naomba nisikupambie. Kuanzia hapo hadi nilipopata jina la kweli, sikuwa jasiri hata saa moja. Nimeingia kwenye majengo yanayoungua nikiwa mtulivu, kwa sababu moto una mlango na kazi ya askari ni kujua mlango uko wapi. Huu haukuwa na mlango. Nilikaa uani nikiwatazama kuku, na kila pumzi niliyovuta niliisikiliza kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni nje ya ukuta. Agnesi aliacha kuniuliza ninajisikiaje. Nami niliacha kumwambia. Tukawa watu wawili wenye adabu kubwa ndani ya nyumba moja, na adabu hiyo iliniumiza kuliko ugomvi.

Kipimo kikubwa kilifanywa wakati wa baridi, ile baridi kavu ya Dodoma inayopasua midomo. Mpira mwembamba wenye taa hupitishwa puani hadi ndani ya mapafu, na kipande kidogo cha nyama hukatwa. Hawakudanganyi wakisema hakiumi sana. Kinachotisha ni kwamba mwili unaamini unazama. Mikono yangu ilikuwa imeshikwa, uso umefunikwa, na watu wamenizunguka. Muuguzi mmoja, mama wa makamo ambaye sikupata kuliona jina lake, alikosa mahali pa kunishika, basi akanishika kisigino. Akakishika hivyo mpaka mwisho, kwa kiganja cha moto, akikibonyeza kidogo kila nilipotaka kujitupa. Nimesahau mengi ya mwaka ule. Kiganja kile sijakisahau.

Majibu yalipotoka, tuliitwa na daktari bingwa wa kifua, mwanamke mwembamba anayeongea polepole. Agnesi alikuwa ameshika mkono wa kiti changu.

“Si saratani,” daktari alisema kwanza, kabla hatujakaa vizuri. Nilimpenda kwa hilo. “Na kwa maoni yangu haikuwa kifua kikuu tangu mwanzo. Inaitwa sarkoidosisi. Wewe ni mtu wa jeshi, basi nikueleze kijeshi. Askari wa kinga ya mwili wako walipigiwa king’ora, wakatoka. Kilichowatoa kimeondoka, lakini wao hawajarudi kambini. Wamekaa kwenye mapafu, machoni, kwenye ngozi, wanajenga vituo.”

“Nani aliwapigia king’ora?”

“Kwa kukisia, moshi. Inaonekana kwa watu wa kazi yako. Lakini hebu niambie: wenzako waliovuta moshi uleule, wazima?”

Nikamfikiria Mashaka, ambaye angeweza kuvuta moshi wa bomba la gari na bado akapata pumzi ya kusimulia. “Wazima.”

“Basi moshi peke yake hautoshi. Mara nyingine kuna kitu ambacho mtu amezaliwa nacho. Kwenu kuna mwingine aliyekuwa na kifua kama hiki? Na macho mekundu, na vinundu miguuni?”

Nilisema hapana. Nilisema hivyo kwa uhakika wote, na wiki hiyo hiyo nikaenda Kongwa kumwona mama.

Mama yangu anaishi na mdogo wangu, karibu na mashamba yetu ya zamani. “Mbukwenyi,” niliita mlangoni kwa salamu ya kwetu, nikaitikiwa kutoka jikoni, na tulipokwisha julishana hali nilipandisha suruali nikamwonyesha miundi yangu. Hakushtuka. Aliinama, akagusa kinundu kimoja kwa kidole.

“Hivi ni vya shangazi yako,” alisema.

Shangazi Sechelela, dada mkubwa wa marehemu baba, alifariki kabla sijaanza shule. Namkumbuka kama harufu ya moshi na kitenge cha njano. Alikuwa akipika pombe ya mtama, na siku zake zilipita mbele ya mapipa juu ya moto wa kuni.

“Alikohoa miaka,” mama aliendelea. “Na macho yale. Watu walisema mengi juu ya macho yale, mengine siwezi kuyatia mdomoni. Babu yako naye inasemekana alikuwa na kifua. Hapa tulikiita kifua cha ukoo, tukadhani kwa kukipa jina tumemaliza kazi. Shangazi yako alipewa kibuyu chake na kigoda chake. Alikula peke yake pale kwenye kona, miaka yote, mpaka mwisho. Mimi nilikuwa mke mgeni, sikuwa na sauti. Ulipopata mtoto wa kike ndipo nikasema, huyu aitwe Sechelela, ili jina lile lipate kukaa mkekani na wenzake.”

Msomaji wa kwetu atakuwa ameshaelewa. Kwa kuwa binti yangu ana jina la shangazi, aliyekuwa wifi wa mama, mama hamwiti mjukuu; humwita “wifi”, hutaniana naye kama mawifi, na humdai mahari ya uongo. Nilikuwa nimeusikia utani huo kwa miaka zaidi ya ishirini na haukuwahi kunigusa. Siku ile, mama aliponiaga kwa kusema, “Msalimie wifi yangu,” baridi ilinipanda mgongoni, na haikutokana na msimu.

Dawa mpya zilikuwa vidonge vidogo vyeupe vya kuwarudisha askari kambini. Vilifanya kazi, na vilitoza ushuru wake. Njaa ilinishika kama mnyama. Nilikula ugali wa watoto. Usingizi uliniacha. Nilifokea watu kwa sababu ya mlango, kijiko, redio. Uso wangu ukavimba ukawa duara. Mashaka alikuja kunitembelea na zabibu za shambani kwa shemeji yake Miyuji, akasimama mlangoni, akapiga saluti.

“Afande, umeapishwa lini? Mashavu haya si ya zimamoto, haya ni ya bungeni!”

“Ingia, mpumbavu wewe.”

“Naingia, mheshimiwa. Nina swali la nyongeza: zabibu unaruhusiwa?”

Agnesi alicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia kicheko chake tangu mvua. Jioni hiyo aliniletea chai katika kikombe cha maua, cha wageni, na kile cha buluu sikukiona tena ndani ya nyumba.

Nikaanza kupona. Vinundu vikafifia, jicho likatulia, pumzi ikarudi kwa vipande. Na ni wakati huo, nilipokuwa nimeanza kulala, ndipo Seche alipopiga yowe uani. Alikuwa na simu mkononi. Majina ya waliochaguliwa kwenda mafunzo ya zimamoto yalikuwa yametoka, na jina lake lilikuwamo. Aliomba bila kuniambia, akitaka kunishangaza. Mdogo wake alikuwa akirukaruka, Agnesi akipiga vigelegele, na mimi nilibaki nimesimama na mkono ukutani.

“Baba, hufurahi?”

“Usiende,” nilisema.

Agnesi akamwondoa mtoto.

“Kazi hii ndiyo iliyotulea, baba. Tangu nikiwa mdogo navaa kofia yako.”

“Una jina la shangazi. Una damu yake. Sijui umechukua nini kingine.”

“Nimechukua meno yako, na ubishi wako. Kama nimechukua na kifua, basi nimeshakichukua. Hata nikiajiriwa benki nitakuwa nacho.”

“Benki hakuna moshi.”

“Na shangazi alikuwa zimamoto? Si alikuwa mbele ya jiko? Nikiolewa nikapikia kuni utakuja kunizuia na hilo?”

Nilimwomba jambo moja tu, aje nami kwa daktari kabla ya kuondoka. Alikubali.

Nilimuuliza daktari swali nililokuwa nimelibeba tangu Kongwa: kipo kipimo cha damu kitakachosema kama naye ataugua?

“Hakipo, mzee. Kurithi huongeza uwezekano, hakutoi hukumu. Wapo ndugu wengi wa wagonjwa wangu ambao hawataugua kamwe. Ninachoweza ni kupima mapafu yake leo, yakiwa mazima, na kurudia kila mwaka, ili yakibadilika tujue mapema.” Akamgeukia Seche. “Na wewe, barakoa huvui mpaka majivu yapoe. Si mpaka moto uzime. Mpaka majivu yapoe. Wakikucheka?”

“Watacheka wakikohoa,” alisema Seche.

Nilitolewa nje wakati wa kipimo. Nikakaa kwenye benchi lile lile. Safari hii jina langu halikuwa kwenye foleni, na nakuapia, msomaji, nilikuwa naogopa kuliko nilipokuwa nasubiri neno saratani. Kupitia ukuta nilimsikia mpimaji akimhimiza apulize kwenye mrija: “Puliza! Endelea, endelea, bado, bado, toa yote, usiniachie, bado!” Nilijikuta nimekunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Alipotoka alikuwa mwekundu wa macho kwa juhudi, akicheka. Mapafu yake yalikuwa mazuri. Daktari alisema mazuri leo. Nililisikia lile neno la mwisho kwa uzito ambao pengine hakuukusudia.

Seche akaenda mafunzoni. Mimi sikurudishwa kwenye moto. Nimepewa darasa, na somo ninalolifundisha kwa ukali kuliko yote ni la majivu. Vidonge vimepunguzwa hadi kipande. Kwako wewe uliye kwenye benchi, kama kuna la kukuachia, ni hili: uliza habari za waliotangulia kwenu, uliza walikohoa vipi na walikula na nani. Usingoje kuulizwa.

Jumapili iliyopita alasiri, mvua ya kwanza ikiwa imeacha harufu ya vumbi lililolowa, simu ikaita. Wanafunzi huruhusiwa kupiga nyumbani siku hiyo.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Sauti yako imefanya nini?”

“Mafua tu. Kambi nzima tuna mafua.”

“Unakohoa?”

“Kidogo.”

“Kikavu, au kina makohozi?”

“Baba!”

“Nijibu.”

“Kina makohozi. Kama cha watu wote. Na macho yangu meupe, nimeyatazama kwenye kioo kabla ya kupiga, maana nilijua utauliza.”

“Weka simu karibu na mdomo. Usiseme kitu. Vuta pumzi mpaka mwisho, halafu uiachie.”

“Wenzangu wananitazama.”

“Waache watazame.”

Akavuta. Nilifumba macho. Agnesi alikuwa amefika mlangoni na bakuli la mchele mikononi, akasimama hapo. Pumzi ya mwanangu ilipanda, ndefu, bila mluzi, bila kukwama, ikafika juu, ikashuka. Akavuta ya pili bila kuambiwa.

“Umesikia?” aliuliza.

Niligundua kwamba tangu alipoanza nilikuwa nimeizuia yangu, muda wote huo, na kifua changu hakikuwa kimeasi, hakikukohoa, hakikunikaba. Niliiachia polepole.

“Nimesikia,” nikasema. “Rudia mara moja tena.”